Kabla Hujamwandika Mjomba Wako

Nyamizi mwanangu,

Wewe umekwenda Magamba kuwaaga shangazi zako, na mama yako yuko uani anachambua maharage utakayobeba kesho. Mimi nimejifungia chumbani na daftari lako la zamani, lile la darasa la sita, lenye karatasi zilizobaki nyuma. Humu ndani niko na kuku wawili. Hawajui kusoma, kwa hiyo siwaogopi.

Usicheke mwandiko. Unajua nilijifunza kuandika nikiwa tayari na ndevu, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alikiri mbele za watu kwamba hajawahi kupata mwanafunzi mbishi kama mimi wala anayeshika haraka kama mimi. Mistari yangu inapanda mlima. Iache ipande, itafika.

Mambo ya begi, ya kitambulisho, ya kutokunywa soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako amekwambia mara nne. Sirudii. Mimi nina jambo moja, na ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikikaa mbele ya mtu, mdomo wangu unaanza kunisifia wenyewe. Naanza na habari ya kosa langu, namaliza na habari ya chui niliyemfukuza kwa tochi. Karatasi haipigi makofi. Ndiyo maana nimeichagua.

Jambo lenyewe ni la mjomba wako Shija.

Juzi ulikaa kwenye kigoda jikoni ukatusomea kitabu kile cha kuazima. Nilijifanya nasinzia, lakini nilisikia yote. Ulisema wataalamu wa saikolojia wamehangaika muda mrefu kujua kwa nini huyu anavunja sheria na yule havunji, na wapo wanaosema sehemu ya jibu imo ndani ya tabia ambayo mtu anakuwa nayo tangu mdogo. Ukahesabu kwa vidole. Mtu anayetenda kabla ya kufikiri. Mtu anayetafuta msisimko, akikaa kimya kidogo anaona anaumwa. Mtu asiye na woga, ambaye hata umtishe adhabu gani mwili wake hautetemeki. Mtu asiyeumia akimwona mwenzake anaumia. Mtu mgumu, asiyekubaliana na watu, anayejiona mkubwa kuliko wote.

Mama yako aliacha kusonga ugali. "Sasa hiyo ni habari ya wahalifu," akakuuliza, "au wameandika maisha ya baba yako?"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko nyie wote, nikasema, "Ongeza na kwamba ana nguvu."

Wewe ukasema, "Baba, haina maana kila mwenye tabia hizo ni mhalifu. Ni uwezekano tu." Ukasoma na pale pengine, panaposema wapo watafiti waliopima hata moyo, wakaona baadhi ya watu wa namna hiyo mapigo yao yanakwenda taratibu. Hapo nilifungua macho. Hukuona, ulikuwa unafunua ukurasa.

Kisha ukasema lile lililoniweka chumbani leo. Ukasema waliokutangulia chuoni wamekwambia kwamba mtatakiwa kila mmoja atafute mtu mmoja anayemjua, aandike maisha yake. "Mimi tayari ninaye. Nitamwandika mjomba Shija. Tangu mdogo alikuwa na hizo zote, si ndivyo, baba? Halafu akawa mwizi. Likizo ya kwanza nakwenda Mishamo kumhoji."

Nikasema, "Ndivyo."

Neno moja tu. Nimelisema miaka yote ya umri wako, na kila mara lilikuwa linateremka kama uji. Juzi lilinikwama.

Nyamizi mama, kuna msitu ninaouona nikifumba macho. Si huu wa sasa wenye vumbi la pikipiki na misumeno ya mnyororo. Ni ule wa zamani, upande wa Inyonga kule, wakati wa kiangazi kinapokaribia kuisha, moshi wa nyasi zilizochomwa umetanda chini kama ukungu, na miti imeanza kutoa majani mekundu kabla hata ya tone la mvua. Ukitembea humo huna uzito. Unasikia nyuki lakini huwaoni. Sauti inatoka juu, inatoka chini, inatoka ndani ya kichwa chako mwenyewe, na baada ya siku tatu kwenye kambi ya kurina asali hujui tena kama unatembea au umelala. Humo ndimo nilimojua kazi yangu, na humo ndimo ninamorudi kila ninapoota. Naota nimepanda mti, nimefungua mzinga, na ndani hamna masega. Kuna watu wamekaa kwenye mduara, wananisubiri nitoe hukumu.

Shija alikuwa mdogo wake mama yako. Naandika "alikuwa" kama vile amekufa, ona mkono wangu ulivyozoea vibaya. Ni mdogo wake. Alizaliwa baada ya mapacha, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wewe humkumbuki, ulikuwa ndiyo kwanza unaota meno, naye alikuwa anakubeba mabegani, wewe unashika masikio yake mawili kama usukani wa baiskeli. Aliishi hapa kwetu. Nilimfundisha mimi kurina asali, na niseme ukweli kwa vile niko peke yangu na kuku: alinishinda. Alipanda mti saa sita mchana bila moshi, kifua wazi, anaimba. Alishuka mteremko wa mtoni kwa baiskeli isiyo na breki, akiachia mikono. Alipigana na mtu asubuhi, jioni anakula naye. Baba yake alipofariki, Shija alichimba kaburi huku anapiga stori na wachimbaji wenzake, hakutoa chozi hata moja. Watu walimtazama. Mimi pia nilimtazama, nikaliweka hilo akiba moyoni.

Wakati huo mimi nilikuwa kamanda wa sungusungu. Siyo mwenyekiti, siyo katibu, kamanda. Filimbi ilikuwa hapa shingoni. Nikipiga, wanaume wa vitongoji vitatu wanatoka na pinde. Ng'ombe waliokuwa wanaibiwa kila mwezi walikaa zizini wakazeeka. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini sifa yangu kubwa ilikuwa nyingine. Watu walisema ninamjua mwizi kwa kumtazama. Nao walisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia.

Sasa sikiliza habari ya mizinga.

Unajua nyegere anavyotusumbua. Mnyama mdogo, ngozi ngumu, anapanda, anaangusha mzinga, anakula mpaka watoto wa nyuki. Mimi nilikuwa nimepata dawa yake. Shina nazungushia bati ili kucha ziteleze, mzinga naning'iniza kwa waya mbali na shina, unaelea hewani. Wengine walikuja kutoka mbali kujifunza kwangu. Niliwaambia, na niliwaambia wengi, "Siku nyegere akifika kwenye mzinga wangu, mimi naacha kurina naenda kushona nguo sokoni."

Ndani ya mwezi mmoja mizinga yangu mitatu ikakutwa chini, imepasuka, masega yametapanywa. Mwenzetu mmoja wa kambini, mtu mpole wa maneno machache, aliinama akapapasa gome la mzinga. Akasema, "Kamanda, huyu kama nyegere."

"Nyegere ana mabawa?"

"Mimi nasema kama."

"Basi nitafutie cherehani."

Wenzake wakamcheka. Ndivyo nilivyouzima ukweli, kwa utani wa maneno matatu. Kwa kuwa nyegere hawezi, basi ni mtu. Na kwa kuwa nyuki walikuwa wakali kipindi kile, basi ni mtu asiye na woga. Unaona nilivyokwenda? Nilikuwa na tabia ya mwizi mkononi kabla sijauliza kama mwizi yupo.

Niliitisha mkutano uwanjani. Wanaume wote wanaojua kurina wakakaa chini kwenye mduara, na mimi nikapita kwa kila mmoja, nikamtazama machoni, nikaweka kiganja kifuani pake. Ndiyo ilikuwa njia yangu. Ukimwekea mtu mkono kifuani mbele ya kijiji kizima, na filimbi iko shingoni, moyo unaruka. Nilisema asiye na hatia anaogopa, maana hajazoea. Aliyezoea uovu ndiye anayetulia. Nilipita kifua kimoja kimoja, mioyo yote inatwanga kama mchi kinuni. Nikafika kwa Shija. Moyo wake ulikuwa unatembea tu, kama mtu anayekwenda kisimani jioni.

Akanitazama, akatabasamu. "Shemeji, unatafuta asali kifuani kwangu? Humo hakuna, ningeshailamba."

Watu wakacheka. Kijiji kizima, Nyamizi, na wanawake waliosimama pembeni, na mama yako akiwa amekubeba mgongoni.

Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Katika mduara ule moyo uliokuwa unakimbia kuliko yote ulikuwa wangu. Kiganja changu kilikuwa kwenye kifua cha mtu aliyetulia, na mimi ndiye niliyekuwa nimejaa hasira na aibu. Lakini hakuna aliyekuwa ameweka kiganja kifuani kwangu.

Nikasema, "Ni huyu."

Adhabu yetu haikuwa fimbo. Fimbo inapona. Yetu ilikuwa kumtenga mtu. Asipewe moto, asipewe maji, asisalimiwe, akija shambani watu waondoke, akiuguliwa wasije, na atakayevunja naye atengwe pamoja naye. Shija alihamia kibandani mwisho wa shamba. Asubuhi ya pili alikuja mpaka hapa mlangoni, akasimama. Ulikuwa umemwona, ukawa unaruka mikononi mwa mama yako unanyoosha mikono kwenda kwake. Akasalimia kwa kilugha, "Mwangaluka, dada."

Mama yako alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa. Akafunga mlango.

Ulilia mpaka jua likawa juu. Hicho kilio umekisahau wewe, mimi ninacho.

Alivumilia miezi mitatu. Nilikuwa nikipita njia ya juu namwona chini kule anaongea na mbwa, na siku nyingine hata mbwa hayupo, midomo inacheza tu. Kijana yule wa kelele, ambaye akikaa kimya kidogo anaumwa. Hiyo kitabu chako kimesema sawasawa. Halafu siku moja hakuwepo. Tukasikia amekamatwa Kasekese na baiskeli ya mtu. Na aliiba kweli, sikufichi, sitaki umtoe huyu mtu kwenye orodha ya wezi umweke kwenye orodha ya malaika. Aliona baiskeli imeegeshwa nje ya duka, akapanda, akaondoka, bila kufikiri, kama alivyofanya kila kitu. Akafungwa.

Siku habari ilipofika nilisimama katikati ya uwanja. "Nilisema au sikusema?" Wakajibu wote, "Ulisema!" Nilikula sifa hiyo kama mtu anayekula nyama ya harusi, mikono yote miwili. Mama yako hakutoka ndani siku hiyo.

Msimu uliofuata nilikuwa kambini, nimeamka alfajiri kabla ya wenzangu. Ukungu ulikuwa mzito, miti inaonekana nusu, juu hakuna. Nikasikia kitu kinahema. Nikasogea. Pale palikuwa na kichuguu kikubwa, na juu yake, hewani, mzinga wangu. Nilikuwa nimeuweka pale kwa makusudi, maana mgongo ulishaanza kuniuma na sikutaka mtu ajue. Nikisimama juu ya kichuguu narina bila kupanda mti. Ile mitatu nayo niliiweka vivyo hivyo.

Nyegere alikuwa juu ya kichuguu. Alisimama kwa miguu ya nyuma kama mzee mfupi mwenye koti jeupe mgongoni. Akanyoosha mikono, akaukumbatia mzinga, akajiachia. Akaning'inia nao, akapembea, polepole, huku na huku, ndani ya ukungu ule, na nyuki wakimzunguka kama moshi. Hakuwa na haraka. Waya ukakatika, vyote viwili vikaanguka. Nilikuwa naona na nilikuwa kama naota. Nilipenda iwe ndoto. Nilisimama pale mpaka jua lilipotoboa na yeye akaondoka zake ameshiba, hakunitazama hata mara moja.

Njia niliyojitengenezea mimi ndiyo aliyopita.

Sasa hapa ndipo pabaya, Nyamizi. Ukidhani kosa langu ni lile la uwanjani, umenipendelea. Pale nilikuwa mjinga, na mjinga anasamehewa. Kosa langu linaanza asubuhi ile. Nilizika vipande vya mzinga. Nikarudi kambini nikanywa uji, nikasema usiku ulikuwa wa baridi. Nilijiambia, si ameiba baiskeli? Basi ni mwizi. Nilikosea mzinga tu, mtu sikumkosea. Kwa maneno hayo nimelala miaka ishirini.

Alipotoka kifungoni hakurudi kwetu. Alikwenda Mishamo, akapata shamba, akaoa binti wa wale waliotoka Burundi zamani, na nasikia watoto wake wanaongea Kirundi na Kiswahili kwa pamoja mpaka mtu anachoka. Nimemwona mara moja tu, soko la Mpanda, anashusha magunia ya maharage. Kichwa kimeshaingia mvi. Mimi nikageuza uso, yeye akaja moja kwa moja. Hana woga, nilikwambia.

"Shemeji. Bado unapima watu vifua?"

Nikasema, "Nimestaafu."

"Vizuri. Kiganja kipumzike." Akacheka, kicheko kilekile. Kisha kicheko kikaisha. "Mtoto hajambo?"

"Yuko sekondari."

"Sekondari!" Akasimama pale, anatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa zawadi. "Alikuwa ananivuta masikio huyo." Akarudi kwenye magunia yake. Asali yangu niliyokuwa nayo mkononi, nilikuwa nimekwenda kuiuza, sikuiuza. Nilirudi nayo nyumbani, nikamwambia mama yako soko lilikuwa baya.

Ndiyo maana uliposoma habari ya moyo unaokwenda taratibu nilifungua macho. Kwanza, niseme, nilijisikia mkubwa. Kumbe mimi na hao wataalamu wenye mashine tulikuwa tunashika kifua kilekile! Niligundua kabla yao, na kiganja tu. Nilitaka kukwambia hapohapo. Halafu nikakumbuka kifua kilikuwa cha nani.

Mimi siwezi kubishana na kitabu chako, ingawa unajua napenda. Huenda ni kweli wanachosema. Nimekaa na nyuki maisha yangu yote, najua kuna mzinga mkali na mzinga mpole, na hakuna aliyewafundisha. Lakini mzinga mkali siyo mzinga mbaya. Mara nyingi ndio wenye asali nyingi, na ndio usioingiwa na mdudu. Ukali ni ukali tu. Mimi na Shija tulikuwa mzinga wa namna moja. Hatuogopi, hatungoji, hatulii misibani, tunajiona. Mimi kwa tabia hizo nilipewa filimbi. Yeye kwa tabia hizo hizo alinyimwa maji. Katika kitabu chako tafuta mahali panapoeleza hilo. Pengine papo, mbele huko, hujafika. Kama hapapo, uliza, na usikae mpaka wajibu.

Na lile neno lako "uwezekano". Najua kwa mtu aliyesoma ni neno lenye uzito. Lakini ni neno dogo, mama. Likitoka mdomoni mwa mtaalamu lipo. Likifika ofisini limekonda. Likifika kijijini kwa kamanda mwenye filimbi limeshaanguka njiani, imebaki "ni huyu". Utakuwa na vyeti. Siku moja mtu atakuletea kijana akuulize, huyu vipi? Na wewe utakuwa na orodha yako, na kijana atakuwa ametulia, anakutania. Sikwambii umpende. Nakwambia ukajiulize kwanza kama kuna kitu kimeibiwa. Na ukajiulize nani amekucheka siku hiyo.

Hapa niliacha kalamu, nikatoka nje.

Niliona haifai wewe ujue kabla ya mama yako. Nilikaa kwenye gogo mbele yake. Alikuwa bado na ungo wa maharage. Nilimwambia yote, mpaka kichuguu, mpaka vipande nilivyozika. Nilimwambia kwa kifupi, bila chui. Hakuinua uso. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine. Nilidhani hakunisikia, nikaanza tena, akasema, "Nimesikia."

Kuku wakatoka ndani, wakala yaliyomwagika, hakuwafukuza.

Mwisho akasema, "Nilimfungia mlango mdogo wangu. Kwa ajili ya nyegere."

Nikasema, "Ndiyo."

"Alinisalimia na mimi nikafunga mlango."

"Mimi ndiye niliyekuamuru."

"Najua ni wewe. Mkono ulikuwa wangu." Akaweka ungo chini. Huyu mama yako, Nyamizi, sijawahi kumwona akinyoosha kidole kwangu, na wewe unajua nyumba hii nani anaamuru. Leo alinyoosha. "Kesho unakwenda Mishamo. Alfajiri. Huchukui asali, huchukui mtu wa kukusemea. Unakwenda kumwambia mbele ya mke wake na watoto wake, kama ulivyomsema mbele ya watu."

"Kesho mtoto anasafiri. Nimesema nitambebea begi mpaka stendi."

"Mtoto nitamsindikiza mimi."

Nikamwambia basi niende keshokutwa. Nikamwambia mgongo. Nikamwambia mvua inaweza kunyesha. Akachukua ungo akaendelea kuchambua. Mimi ambaye nimemshinda mwenyekiti wa kijiji kwa maneno, na mganga, na afisa wa misitu mwenye bunduki, nilishindwa na ungo wa maharage. Nikainuka nikampigia simu mwenye pikipiki.

Kwa hiyo utakaposoma haya utakuwa umenikosa stendi. Nilikuwa nimepanga tupite katikati ya kijiji, mimi mbele na begi kichwani, kila mtu aone mzee huyu binti yake anakwenda chuo kikuu. Nilishawaambia wengi. Watauliza niko wapi. Mama yako atajibu anavyotaka, na wewe wakikupigia simu kuniulizia, jibu kweli.

Usimwandike Shija kwa habari niliyokupa mimi. Hiyo uifute yote. Ukitaka kumjua, mwombe mwenyewe, na akikataa umwache, hana deni la kutusomesha. Ila mtu wa kuandika bado unaye. Yupo hapa, anatenda kabla ya kufikiri, haogopi, anajiona, hakulia msibani, na hakuna alichowahi kuiba. Waulize walimu wako wamweke ukurasa gani. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini utaandika.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu, umekaribia. Barua nitaiweka chini kabisa ndani ya begi, uikute ukiwa mbali kidogo, Tabora huko, ambako huwezi kushuka ukarudi kunitazama.

Nimemwuliza mama yako kama Shija atanifungulia mlango. Amesema hilo si langu kuliamua, langu ni kugonga.

Baba yako,
ambaye kesho yuko njia ya Mishamo